Mdakaji wa Miamba na Mama Mkwe wa Newala

Ukifika Masasi ukauliza timu ya besiboli iko wapi, watu watakutazama kwanza, halafu watakuelekeza kwa Gasper Mchopa, pale Mkuti, kwenye kibanda cha spea za baiskeli. Usishangae ukimkuta anamfungia mteja mnyororo huku mkono wa kushoto amevaa glavu kubwa ya ngozi. Atakwambia analainisha ngozi. Uongo mtupu. Ile glavu ililainika zamani, ni yeye tu hataki kuivua.

Ugonjwa huo aliletewa na Mwalimu Gwakisa, mtu wa Tukuyu, aliyekuja Masasi kufundisha hesabu sekondari. Mwalimu alikwenda semina ya michezo Dar es Salaam pamoja na wenzake. Wenzake walirudi na fulana na vyeti. Yeye akarudi na viroba viwili vya glavu, kofia ngumu, gongo moja refu, mipira midogo migumu kama jiwe, na kinyago cha nondo cha kuvaa usoni. Walimu wenzake wakamuuliza kama viatu vya mpira wa miguu vilikuwa vimekwisha huko mjini. Akawajibu kwamba hawaoni mbali, akaanza kuwapima watu kwa macho.

Wanafunzi hakuwapata. Wazazi waliuona ule mpira, wakaugonga gonga juu ya meza, wakasema watoto wao wana kazi ya kuokota korosho na vichwa vyao bado vinahitajika. Basi Mwalimu akaokoteza watu wazima: Justin kinyozi, waendesha bodaboda wa stendi, muuza mitumba mmoja, mpiga kengele wa kanisani, na Gasper. Siku ya majaribio aliwatupia kila mmoja mpira wa usoni. Wote waliinama, na Justin alilala chini kabisa. Gasper peke yake alibaki amesimama wima, macho wazi, hata kope hakupepesa. Mwalimu akafurahi, akasema huyu ni jasiri, huyu ndiye mdakaji wangu. Ukweli ni kwamba Gasper alikuwa ameganda kwa woga na miguu ilikuwa imekataa kutii, lakini ukishasifiwa hivyo mbele za watu unasemaje? Akavaa kinyago.

Timu ikaitwa Miamba ya Masasi, kwa ajili ya yale majabali yanayouzunguka mji. Jina zuri. Tatizo ni kwamba ilicheza kama majabali yenyewe, haisogei. Na timu haiwezi kucheza na kivuli chake, kwa hiyo Mwalimu akazunguka na pikipiki kutafuta wapinzani, na hapo ndipo ilipozaliwa Ligi ya Korosho, ligi ya timu tatu ambayo haijawahi kutangazwa redioni.

Timu ya Chiungutwa iliishi msimu mmoja. Mwalimu aliwaazima glavu, wakashukuru sana, wakacheza mara moja, wakashinda. Msimu wa korosho ulipofika, kina mama wa Chiungutwa wakaona mbona hizi ndizo glavu walizokuwa wakizitafuta siku zote, maana yale mafuta ya ganda la korosho yakikurukia ukiwa unabangua yanakuchuna ngozi ya vidole. Glavu ziliporudi zilikuwa nyeusi ti, zinanata, na kila aliyevaa alianza kujikuna. Mwalimu alipokwenda kulalamika alikaribishwa vizuri, akapewa mfuko wa korosho zilizobanguliwa kwa glavu zake mwenyewe, na akazila zote njiani akiwa amekasirika.

Ikabaki Newala. Ukingo wa Newala ilikuwa timu ya Mujibu, mchongaji wa vinyago, mtu mcheshi na mjanja, asiyekubali kushindwa hata kwenye bao. Gongo la Miamba lilipovunjika ni yeye aliyejitolea kuchonga jingine. La kwanza alilichonga kwa mpingo. Kulinyanyua kulihitaji watu wawili, na mpiga kengele alipojaribu kulizungusha lilimzungusha yeye. La pili akalichonga kwa mninga, zuri, jepesi, ila mkono wa fundi ukamshinda, akaweka uso wa mzee mwenye ndevu kwenye ncha. Wapigaji wa Miamba wakalalamika kwamba kila wakiinua gongo wanamwona mzee anawatazama. Wakafungwa tena.

Maana walikuwa wanafungwa, jamani. Miaka ikapita, Mwalimu akaota mvi, Miamba haijashinda hata mechi moja. Walifungwa jua kali, walifungwa wakati wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, vumbi lake la manjano likielea juu ya miti na wachezaji wakipiga chafya zamu kwa zamu, walifungwa hadi siku ambayo Newala walikuja pungufu. Na bado kila Jumamosi Gasper anavaa kinyago chake. Mchezo wenyewe si mgumu kuuelewa. Mmoja anatupa, mwingine anapiga kwa gongo, akipiga anakimbia kuzunguka vituo vinne, na cha nne kinaitwa nyumbani. Akifika nyumbani, timu yake imepata pointi. Mdakaji ndiye mlinzi wa nyumbani. Akiwa na mpira mkononi, amguse nao mkimbiaji kabla hajakanyaga kituo, basi mkimbiaji huyo ametoka.

Kushindwa huko kulimletea Gasper neema moja, nayo ni Evelina. Evelina ni fundi cherehani karibu na soko la Newala. Siku moja alipita uwanjani na kitambaa mkononi, akamwona mtu aliyevaa nondo usoni ameanguka kwenye vumbi, akacheka mpaka akakaa chini. Gasper akanyanyuka, akamwendea, akamsalimu kinyago kikiwa bado usoni, akasahau kukivua mpaka mazungumzo yalipokwisha. Evelina alisema baadaye kwamba alimpenda kwanza sauti, na kwamba sura ilipotokea alikuwa ameshachelewa kubadili mawazo. Wakapendana haswa. Gasper akawa anapanda Newala hata wiki isiyo na mechi, na spea akamwachia jirani.

Akapeleka posa. Na huku kusini, kwa kina Evelina, posa haijibiwi na baba. Inajibiwa na mjomba. Mjomba Yoeli, ndugu wa mama yake, alikuwa mtu wa kukunja uso, mwenye shamba kubwa la korosho na maneno machache. Aliipokea barua, akasema watajibu. Mvua zikaisha, hajajibu. Mikorosho ikatoa maua, hajajibu. Watu wakimuuliza anasema hamjui vizuri huyo kijana, anachosikia tu ni kwamba ni mtu mzima anayechezea kampira. Mama yake Evelina, Mama Agatha, yeye hakusema ndiyo wala hapana. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mwendo wa haraka, enzi zake alikuwa moto wa kuotea mbali kwenye netiboli ya wilaya, na sasa alikuwa anauza mihogo mikavu sokoni. Gasper hakuwahi kumwangalia usoni. Na angeanzia wapi? Mama mkwe hatazamwi machoni, hukai naye mkeka mmoja, ukikutana naye kwenye kijia unaingia porini yeye apite. Na kumgusa ni jambo ambalo halitamkwi.

Mujibu naye alilijua hilo, kama kila mtu. Tofauti ni kwamba Mujibu alilifikiria.

Mechi iliyofuata ilichezwa Masasi. Ukingo wakashuka na gari la mihogo, wakateremka mmoja mmoja, na wa mwisho kuteremka alikuwa Mama Agatha, suruali ya michezo chini, khanga kiunoni, raba nyeupe miguuni. Mwalimu Gwakisa akauliza huyu naye ni shabiki? Mujibu akajibu kwa upole kabisa kwamba huyu ni mchezaji, kanuni za ligi zimesema mchezaji awe mkazi, hazikutaja umri wala mwanamke wala mwanamume, na kanuni hizo aliziandika Mwalimu mwenyewe. Mwamuzi Ebenezer, bwana shamba kutoka Same, aliyependa kesi kuliko chai, akafikiri, akaona hoja ina mashiko. Mama Agatha akaingia uwanjani.

Lo! Ilikuwa aibu ya mwaka. Kila alipofika kituo cha tatu, Gasper jasho lilimtoka ndani ya kinyago. Mpira ukitupwa kwake anaudaka, anageuka, anamwona mama mkwe anakuja, na miguu inamtoa yenyewe, anakwenda kusimama pembeni kule kwenye ndoo za maji, kichwa kimeinama. Mama Agatha akaona hakuna haja ya kukimbia. Mara ya mwisho alitembea tu, akipunga mkono kwa watu aliofahamiana nao. Miamba walipata kipigo ambacho hata Ebenezer alichoka kukiandika. Watu wa Mkuti walicheka wiki nzima, wateja wakija kununua tairi wanajifanya wakwe ili Gasper awapishe, na yeye anacheka nao huku moyo unamuuma.

Bahati mbaya haiji na nguo moja. Mwalimu Gwakisa akapata uhamisho, anapelekwa Kigoma. Akawaita wachezaji, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba imebaki mechi moja, Newala, kabla korosho hazijaanza kudondoka. Akasema hataki zawadi wala sherehe ya kuagwa, anataka kushinda mara moja tu maishani mwake. Mwanaume alikuwa anakaribia kulia, nao wakatazama chini. Wakajadili kumbadilisha mdakaji. Aliyewahi kudaka mwingine ni Justin, na Justin alionyesha pengo lake la jino akasema asanteni, mimi nitabaki huku mbali.

Kisha zikaja salamu mbili kutoka Newala. Ya kwanza ni ya Mjomba Yoeli: amesikia mambo ya kugusana gusana kwenye huo mchezo, na kama kijana huyo atamtia dada yake mkono mbele ya watu, barua ya posa itarudi Masasi siku hiyohiyo na asikanyage tena mlangoni. Ya pili ilitoka kwa Evelina mwenyewe, kwa simu. Hakukasirika, ndiyo maana iliuma zaidi. Alimwambia kwamba sokoni wanamtania kila asubuhi kuhusu mchumba wake anayekimbia, kwamba anampenda, lakini mume anayejificha kwenye ndoo za maji hajui atamtambulisha vipi kwa watu. Gasper akauliza sasa afanye nini, amguse mama au asimguse? Evelina akasema hajui, akakata simu. Gasper hakula siku hiyo. Akimgusa mama amekosa mke, akimpisha amekosa mke, na Mwalimu anaondoka mikono mitupu.

Siku ya mechi, Newala upepo ulikuwa unavuma kutoka bondeni kama kawaida yake, na ukungu ulichelewa kuinuka. Uwanja wa Newala uko karibu na ukingo wa uwanda wa juu, ukipiga mpira vibaya unaporomoka kuelekea Ruvuma na hakuna anayeufuata. Mpaka saa za mwisho mipira yote ilikuwa imekwenda Msumbiji, umebaki mmoja. Na muujiza, bwana: Miamba walikuwa mbele kwa pointi moja. Usiulize ilikuwaje. Mpiga kengele alikuwa amelifunga macho lile gongo la mzee mwenye ndevu kwa kitambaa, akapiga mpira ambao hata yeye hakuuona. Mwalimu alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, hawezi kutazama.

Imebaki Newala kupiga mara ya mwisho. Akitoka mtu mmoja zaidi, Miamba wameshinda. Na kituo cha tatu nani kasimama? Mama Agatha, amekaza khanga, raba zake nyeupe zinakwaruza chini. Pembeni ya uwanja Mjomba Yoeli amekunja mikono. Hatua chache kutoka kwake Evelina amejifunika mdomo kwa kitenge.

Mujibu mwenyewe akapiga. Mpira ukaruka chini chini, Justin akauokota kwa bahati, akautupa nyumbani akiwa amefumba macho. Gasper akaudaka. Akageuka. Mama Agatha alikuwa anakuja, na safari hii hakutembea, alikuja kwa kasi yake ya netiboli, vumbi nyuma.

Hapa ndipo watu wa Masasi na watu wa Newala wanapobishana mpaka leo. Kuna wanaosema alipanga. Hakupanga chochote. Alitaka kukimbia, akamwona Evelina. Alitaka kusimama, akamwona mjomba. Kichwa kikawa cheupe, na mwili wake ukafanya lile ulilofundishwa na bibi yake kule Lupaso kabla hajajua kusoma: ukikutana na mkubwa wako uso kwa uso na huna pa kupita, vua kofia, piga magoti, na kama una kitu mkononi, mpe. Akavua kinyago. Akapiga magoti palepale mbele ya kituo cha nyumbani, kichwa kimeinama, akanyoosha glavu kwa mikono miwili, mpira umekaa katikati kama yai.

"Shikamoo, mama."

Mama Agatha alifunga breki. Raba ziliserereka mpaka vumbi likamfunika Gasper, lakini akasimama. Maana naye ana bibi aliyemlea, na mtu aliyefundishwa adabu haruki shikamoo ya mkwe aliyepiga magoti, hata kama anakimbizwa na simba.

"Marahaba, baba," akasema, anahema. Na alichopewa akakipokea. Aliinama kidogo, kama inavyopasa, akaingiza mikono yake miwili ndani ya glavu, akaushika mpira.

Ebenezer alisogea, akawatazama, akainama kutazama miguu ya mama, ambayo ilikuwa bado haijafika kwenye kituo. Aliyasema maneno yake polepole, kama hakimu: mpira ulikuwa kwenye glavu ya mdakaji, mkimbiaji ameguswa na mpira, na aliyeugusa ni yeye mwenyewe kwa hiari yake. Akainua ngumi juu. Mkimbiaji ametoka. Miamba wameshinda.

Mwalimu Gwakisa alipiga ukelele ambao ng'ombe waliusikia, akaanza kukimbia kuzunguka vituo vyote bila sababu. Mujibu naye alikuja juu, akasema huo ni utapeli, salamu si sehemu ya mchezo, warudie, mama arudi kituo cha tatu, mpira upo. Lakini aliyefika kabla yao wote ni Mjomba Yoeli. Alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima kwamba dada yake amedhalilishwa mbele ya watu, amefanywa kichekesho kwa ajili ya kampira, na kwamba barua ile inarudi leo leo. Evelina alishusha kitenge usoni. Gasper bado yupo chini, magoti kwenye vumbi. Aliona imekwisha, akaona hata ushindi wenyewe hautaki.

Mama Agatha alikuwa anaugeuza ule mpira mkononi, anautazama huku na huku. Akafungua khanga kiunoni, akauviringisha ndani, akaifunga tena kwa nguvu.

"Yoeli," akasema, "nani kanigusa?"

Mjomba akaanza kusema kwamba siyo suala la kugusa.

"Wewe ndiye uliyesema asiniguse. Hakunigusa. Mtoto wa watu kavua kofia, kapiga magoti, kanipa kitu, na mimi nimekipokea kwa mikono miwili mbele ya Newala nzima na Masasi nzima. Kitu cha mkwe kikishapokelewa hivyo, wewe uliwahi kuona wapi kinarudishwa? Au unataka kuniambia mimi dada yako sijui nilichopokea?"

Yoeli akawatazama watu, na watu wote walikuwa wanamtazama yeye. Mujibu alinyoosha mkono taratibu akaomba basi walau mpira, wamalizie mechi. Mama Agatha akamwambia hakuna mpira hapa, hiki ni kitu alichopewa na mkwe, kama anataka wa kuchezea ashuke bondeni akaokote. Mujibu akarudisha mkono. Evelina alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mwanamke mmoja wa sokoni alishapiga kigelegele.

Ndipo kwa mara ya kwanza Mama Agatha alimtazama kijana yule pale chini, vumbi nywele zote, glavu tupu bado ameinyoosha mbele.

"Inuka, baba," akamwambia. "Nenda Lupaso, kawaambie kwenu waje."